Mbuga Niliyoitia Sahihi

Siku ya kuniaga mlinipa vitu vitatu: doti ya kanga, saa ya ukutani na daftari nene lenye mistari. Kanga nimevaa. Saa nimeitundika, ingawa sijaelewa kwa nini mtu akishaacha kuwahi kazini ndipo apewe saa. Daftari mlisema nijaze yale niliyoyaona, "ili yasipotee, mama." Nimekaa nalo miezi miwili nikiliogopa. Sasa naanza, na mjue mapema kwamba humu hamtakuta habari za vyeo vyangu. Vilikuwa vichache na vilichelewa, na mmoja wenu anajua sababu kunizidi mimi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipoteza faili langu.

Naitwa Limi. Kwa Kisukuma limi ni jua. Nilizaliwa mwaka ambao mvua iligoma kabisa, na baba yangu hakuwa mtu wa kuficha mambo. Jina hilo lingenifaa sana kama ningekuwa na kazi ya kuanika mihogo. Lakini miaka ya sitini ilipokuwa ukingoni, niliajiriwa kupima mvua.

Ofisi yetu ya Kahama ilikuwa chumba kimoja na stoo, na nyuma yake uzio wa waya ambamo vipimo vilisimama kama makaburi ya watoto. Mkuu wa kituo alikuwa Mzee Sadiki, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua, wazazi wake watu wa Ujiji, yeye mwenyewe mkazi wa mtaa wa Nyasubi miaka mingi kuliko miti ya pale. Alikuwa na tabia ya kutania bila kucheka, na mgeni angeweza kukaa naye wiki nzima akidhani amekasirika.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vipya. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza jina. Nilipomtajia, aliweka kikombe cha chai mezani polepole.

"Tumeomba mtu wa mvua, wametuletea jua," akasema. "Haya, karibu, bibi. Angalau hutaloa."

Akanipeleka uani. Kipimamvua chenyewe ninyi mnakijua, lakini wakati ule kilikuwa cha shaba, kizito, kimezikwa nusu ardhini, juu yake faneli na ndani yake chupa. Kila siku saa tatu kamili asubuhi unatoa chupa, unamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, unashusha macho hadi yalingane na uso wa maji, ndipo unasoma. Niliinama kidogo ili nisichafue sketi. Mzee Sadiki akaniambia kuwa mvua haisomwi kwa kuinama, hata waziri akija atapiga magoti. Nikapiga magoti vumbini na viatu vyangu vipya. Ndani ya chupa hamkuwa na kitu ila buibui.

Ilikuwa Agosti. Mnaijua Agosti ya Kahama. Wiki ya pili nilichoka kuandika sifuri, nikachora kistari. Mzee akanirudishia daftari. Alinieleza kwa upole kwamba kistari maana yake sikwenda kuangalia, na sifuri maana yake nilikwenda, nikapiga magoti, nikakosa. Hayo mawili si sawa, na mshahara hulipwa kwa la pili tu. Nikaandika sifuri hadi Oktoba.

Mara mbili kwa mwezi tulipanda baiskeli kwenda kukagua vipimo vya vijijini, vilivyotunzwa na watu wa kujitolea: walimu, makatekista, makarani wa pamba. Njiani ndipo nilipopata elimu yangu hasa. Mzee alikuwa akisimama ghafla, anaonyesha kidole, ananiuliza naona nini. Mimi naona nyumba. Yeye anauliza zimekaa wapi. Zimekaa juu, kwenye mchanga. Na chini kule kwenye udongo mweusi, kuna nyumba ngapi? Hakuna hata moja. "Unadhani wazee wako walikosa akili ya kujenga karibu na maji?" ananiuliza, kisha anapanda baiskeli na kuniacha nikimkimbilia.

Polepole nikaelewa nchi nilikozaliwa. Wingu moja likimwaga mvua ileile juu na chini, mchanga wa juu unaimeza, na udongo mweusi wa mbugani unaikataa. Kiangazi udongo huo hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na mgeni hudhani nyufa zote hizo zitakunywa bahari. Mvua ya kwanza huzijaza, udongo unavimba, unajifunga, na kuanzia hapo mbuga ni kama sahani. Kwa hiyo Shinyanga ukame na mafuriko si maadui. Ni ndugu wa tumbo moja wanaopokezana zamu, na aliyezaliwa katika zamu ya mmoja huapa kwamba mwingine hayupo. Kichuguu nacho nilifundishwa kukitazama. Mchwa hajengi mahali ambapo maji hukaa. Ukiona uwanda mpana hauna kichuguu hata kimoja, mchwa amekwisha kuandika ripoti yake.

Miongoni mwa wale wa kujitolea alikuwapo Mwalimu Pius, mwalimu mkuu wa shule moja ya vilimani, upande wa mashariki. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wote. Miezi sita Mzee Sadiki alizisoma karatasi zake bila kusema neno, kisha siku moja tukaenda. Baada ya salamu na uji, Mzee, ambaye ni Mwislamu wa kuswali sala tano, alimwambia Mwalimu kwamba amevutiwa sana na dini ya mvua ya pale. Mwalimu akauliza dini gani. Mzee akamfunulia karatasi: katika miezi sita haikunyesha hata Jumapili moja. Ilipumzika, ikaheshimu siku ya Bwana, na Jumatatu ikanyesha mara mbili.

Mwalimu Pius aliona haya mpaka akatoa kofia. Alikuwa hafungui shule Jumapili, kwa hiyo hakufungua na kipimo. Mzee hakumgombeza. Alimwomba tu aibatize mvua upya. Tangu siku hiyo Mwalimu alisoma kipimo kila Jumapili kabla ya misa, na nadhani aliona fahari kuliko sisi.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa daftari liishe.

Katikati ya miaka ya sabini watu walitakiwa kuacha kaya zilizotawanyika na kuhamia vijiji vya pamoja. Kamati ilikuwa ikichagua maeneo kwa haraka, na kila eneo lilihitaji karatasi ya mtaalamu kuhusu maji na ardhi. Mzee Sadiki magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Nikatumwa mimi, na darubini ya miguu mitatu, na rula ndefu ya mbao iliyopakwa nyekundu na nyeupe, na wanaume wawili wa kuishika. Nilijiona mkubwa. Nilikuwa nimenunua hata kofia ya jua, kitu ambacho mtu anayeitwa Limi asingehitaji.

Eneo lenyewe liliitwa Mwagulanja. Lilikuwa mbuga tambarare kando ya barabara, na ng'ambo yake kijito cha msimu kiitwacho Kasenga, ambacho siku hiyo kilikuwa mstari wa mchanga tu, mtoto angekiruka. Kamati ilipapenda kwa sababu nyumba zingepangwa mistari iliyonyooka na lori lingefika mlangoni. Nilipima siku mbili. Ardhi ilikuwa sawa kama meza. Ulikuwa mwaka wa tatu wa mvua haba, nyufa zimejaa kila mahali, na mimi, mwanafunzi wa Mzee Sadiki, nilizitazama nikadhani zitakunywa bahari.

Siku ya pili alikuja mwanamke wa makamo amebeba mtungi. Alikuwa Mama Nkwimba, mkulima wa mpunga na mfinyanzi, anayekaa kule juu kwenye mchanga. Alitusalimu, "Mwangaluka," tukaitikia. Akatutazama tunavyochungulia kwenye darubini, kisha akaniuliza tunapima nini. Nikamwambia kijiji. Akautua mtungi chini.

"Binti," akasema, "hapa tunalaza mpunga. Hatulazi watoto."

Nilimjibu kwa adabu, lakini kwa ile adabu ya mtu mwenye darubini. Nilimwambia kwamba kitaalamu eneo halina tatizo. Hakubishana. Alichota udongo wake kwenye kingo za Kasenga akaenda zake. Jioni ile niliandika ripoti ya ukurasa mmoja: eneo linafaa. Nikatia sahihi. Nina sahihi nzuri, L yake ina mkia mrefu.

Niliporudi Kahama nilimpa Mzee Sadiki nakala. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Aliniuliza kama niliona vichuguu. Hapo ndipo nilipojaribu kukumbuka, nikaona kwamba nilikuwa nimetembea uwanda ule siku mbili bila kujikwaa kwenye kichuguu hata kimoja.

"Ardhi umeipima vizuri," akasema. "Lakini umepima mwaka gani?"

Akaniambia kamati itakaa baada ya siku tatu, kalamu ipo na karatasi ipo, na sahihi ile ni yangu, hakuna mwingine awezaye kuifuta. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuweka utani mwishoni.

Niliandika barua ya kuikana ripoti yangu. Niliiandika mara nne. Ya nne ilikuwa nzuri. Nikaiweka kwenye droo, nikisema nitaipeleka kesho. Niliogopa nini? Nikiwa mkweli, sikuogopa kufungwa wala kufukuzwa. Niliogopa wale wanaume wa kamati watazamane na kusema, si tulisema mwanamke? Siku tatu zikapita. Barua ikabaki kwenye droo, na watu wa Mwagulanja wakashuka kutoka kwenye mchanga na vyungu vyao, milango yao na mama zao wazee, wakajenga kwenye meza yangu.

Mwaka wa kwanza haukuwa na mvua ya maana. Wa pili vilevile. Mwenyekiti wa kijiji, Masanja, mtu mcheshi mwenye redio asiyeachana nayo hata chooni, alikuwa akimtania Mama Nkwimba kila wakikutana, anamuuliza kama leo ameona samaki mlangoni. Mama Nkwimba alicheka naye, lakini nyumba yake aliijenga mwisho wa mstari, upande wa kupandia juu, na ghala lake la mtama aliliacha kulekule kwenye mchanga. Mimi nilipopita pale kikazi nilikuwa nasalimia haraka na kupiga pedali.

Kisha ukaja mwaka wa tatu. Mvua zilianza Novemba na hazikujua kuacha. Mzee Sadiki alikuwa amestaafu mwaka ule, na kituo nilikiangalia mimi. Jumapili moja ya Machi, saa sita mchana, nilikuwa nyumbani Nyasubi napika, utingo wa basi la kutoka mashariki akagonga. Alikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, mwandiko mzuri kuliko wote. Mwalimu Pius ameandika kwamba asubuhi hii chupa ya kipimo imefurika, na kopo la nje lililozunguka chupa nalo limefurika, kwa hiyo hawezi kusema mvua ni kiasi gani, anaweza tu kusema ni zaidi. Na bado inanyesha.

Niliepua sufuria. Kipimo chetu cha Kahama asubuhi ile kilikuwa na matone machache. Mbingu ilikuwa ya buluu. Lakini maji ya vilima vya Mwalimu Pius yana njia moja tu ya kushukia, nayo ni Kasenga, na kwenye uwanda maji hayakimbii. Yanatembea kama mzee anayekwenda gulioni, ila anafika. Nilihesabu kwa vidole: alasiri.

Nilipata lori la pamba lililokuwa likirudi upande ule. Nilifika Mwagulanja kabla ya saa nane. Jua lilikuwa linawaka, watu wanatoka kanisani, wengine wako kwenye pombe, kuku wanachakura uani. Kasenga ilikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Nikamtafuta Masanja, nikamwambia watu wapande juu sasa hivi, na watoto na wazee na chakula. Akatazama juu mbinguni kwa makini, kisha akanitazama mimi. Akawaambia wenzake kwa Kisukuma kwamba Jua limetoka mjini kuja kuwatangazia maji. Walicheka vizuri sana. Hata mimi ningecheka.

Nikajaribu kueleza habari za vilima, na chupa, na kopo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyofanana na mtu aliyelewa. Aliyeniokoa ni Mama Nkwimba. Hakuuliza swali lolote kuhusu chupa. Aliuliza tu kama Mwalimu Pius ndiye aliyeandika, nikasema ndiye, na kama ameandika leo Jumapili, nikasema leo; hata kule walijua kwamba Mwalimu haandiki barua Jumapili kwa jambo dogo. Akaingia ndani, akatoka na godoro kichwani na mjukuu mgongoni, akaanza kupanda. Hakumwita mtu. Wanawake walimwona anavyokwenda bila kugeuka, mmoja akafuata, kisha watano. Wanaume walibaki wakicheka mpaka wakagundua kwamba wapishi wote wameondoka.

Saa tisa watu wengi walikuwa juu kwenye mchanga, wamekaa kati ya vichuguu, na mimi nimesimama kama mtuhumiwa. Hapakuwa na kitu. Saa tisa na nusu wengine walianza kushuka. Masanja alishuka kwa sababu alikumbuka redio. Nilikuwa nimeanza kuomba maji yaje, kisha nikashtuka na kuomba yasije, kisha sikujua naomba nini.

Yalikuja yapata saa kumi, bila kelele. Mlitarajia ngurumo? Ulikuwa ulimi mpana wa maji ya kahawia, mbele yake povu na mabua makavu, yakisukumwa taratibu kama mtu anayefagia uwanja. Kasenga ilijaa, ikapita kingo zake, na kwa kuwa ardhi ilikuwa sawa kama meza, kama nilivyoandika, maji hayakuwa na sababu ya kuchagua upande. Yalienda pande zote. Waliokuwa wameshuka walirudi mbio. Wa mwisho alikuwa Masanja, maji yako kiunoni, redio iko kichwani, na bado inaimba.

Jioni tuliona nyumba zikiondoka. Zilikuwa za matofali mabichi. Hazikuanguka; zilikaa. Kuta zililainika kutoka chini, paa likashuka polepole mpaka likatua juu ya maji. Watu hawakulia sana. Kila moja ilipokaa, mwenyewe alitaja jina lake tu, nyumba ya fulani, kama anayeita mahudhurio.

Hakuna aliyezama. Lakini mama yake Masanja, bibi kizee aliyebebwa juu kwa kitanda, alilala usiku ule kwenye ubaridi, akaanza kukohoa, na baada ya wiki akafariki. Walisema ni umri. Sijauliza tena, na sijasahau.

Asubuhi baada ya mafuriko Masanja aliitisha mkutano pale juu. Alinishukuru mbele ya watu wote, akasema mtu wa jina la jua amewaokoa na maji, watu wakapiga makofi. Ningeweza kukaa kimya. Droo ya Kahama ilikuwa imefungwa na ufunguo ninao mimi. Lakini Mama Nkwimba alikuwa ameketi mbele yangu na mjukuu mapajani, akipiga makofi kama wengine, na nikashindwa kumtazama. Nikasimama. Niliwaambia kwamba karatasi iliyosema mbuga inafaa niliiandika mimi, na kwamba nilijua nimekosea kabla hawajahama, na sikusema.

Masanja alizima redio, na hapo nikajua mambo ni mazito.

"Kumbe ni wewe," akasema Mama Nkwimba. "Sisi miaka yote tulidhani ni Serikali."

"Ni mimi, mama."

"Basi afadhali. Serikali hatuwezi kuikanyagisha udongo. Wewe una miguu."

Kikao kiliamua hivyo. Mwezi uliofuata nilichukua likizo yangu ya mwaka, mkubwa wangu akidhani nakwenda kumuuguza shangazi, nikaenda Mwagulanja kukanyaga udongo wa matofali. Nilikanyaga siku kumi na nne, sketi nimeikunja magotini, na watoto wakija kutazama karani wa Serikali anavyocheza ngoma peke yake. Mama Nkwimba alisimamia. Kwa mfinyanzi, hakuna udongo uliokanyagwa ukatosha. Nyumba mpya zilijengwa juu kwenye mchanga, hazikunyooka hata mstari mmoja, na chini ukarudi mpunga. Nilipeleka kwa kamati barua mpya yenye ukweli wote. Walitazamana, ndiyo. Wakasema, ndiyo. Sikufa.

Mzee Sadiki nilimsimulia kibarazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye mwaka wake wa pili kazini aliwahi kuidhinisha kisima katikati ya makaburi, na kwamba angenieleza mapema, ila alihofia nitaacha kumheshimu. Alifariki mwaka uliofuata. Bilauri yake ya kupimia ilikuwa na ufa mdogo, na niliendelea kuitumia mpaka ikavunjika mkononi mwangu.

Miaka ya themanini ilipoanza nikahamishiwa Geita. Kwenye ramani ni karibu. Asubuhi ya kwanza, nikiwa nimepanga chumba Kalangalala, nilitoka nje nikaona wingu jeusi limepanda kutoka upande wa ziwa, nene, linang'aa pembeni. Kwa mtu wa Shinyanga hiyo ni sikukuu. Nilipiga vigelegele. Mama mwenye nyumba akatoka mbio kuuliza nani anaolewa. Nilipomwambia ni kwa ajili ya wingu, alinitazama kwa huruma, akaenda kuanua nguo na kufunga mbuzi.

Geita nilijifunza kazi upya, na umri ule si mzuri wa kujifunza. Kwetu tunaogopa mvua isiyokuja. Kule vilima na ziwa vinaileta tu, na hatari ni vitu inavyofanya ikishafika. Radi hupiga vilele na miti iliyosimama peke yake. Nilikuta familia mbili hazisemezani kwa sababu moja ilidaiwa kumtumia mwenzake radi. Niliwaonyesha kwamba nyumba iliyopigwa ndiyo iliyo juu kuliko zote na ina mti mrefu mlangoni. Walinisikiliza kwa heshima, wakakubaliana kwamba ndiyo, na kwamba huyo jirani alijua kuchagua nyumba rahisi.

Lakini kilichoninyima usingizi ni mashimo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huyaita maduara. Wanachimba ubavuni mwa kilima, shimo la kutosha mtu na karai, na wakikutana na mwamba wenye mali hawaulizi kilima kinasemaje. Bosi wa duara moja la njia ya kwenda Katoro alikuwa Hamisi, kijana mnene mwenye sauti ya muadhini, na chini yake wanaume kumi. Kila nilipopita kusoma kipimo kilichokuwa jirani, walinipigia kelele wakiniuliza leo nimekuja kuwauzia mvua kiasi gani.

Msimu mmoja ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano jua likatoka, Hamisi na watu wake wakajiandaa kushuka. Nilipanda juu ya duara lao, nikakuta ufa kwenye majani, mwembamba, umepinda kama nyusi, unazunguka nyuma ya shimo lote. Nikapigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, nikafunga kamba kati yake, ya kulegea kidogo. Kesho yake kamba ilikuwa imekaza.

Nikamweleza Hamisi. Nilimwambia kwamba mbugani kwetu maji huchelewa kufika, na huku maji yakishafika ndipo udongo huchelewa kuondoka, kwa hiyo mvua kukoma si habari njema bado. Akaniuliza kama nina hakika. Miaka iliyopita ningesema kitaalamu. Nilimwambia sina. Nilimwambia kwamba niliwahi kuwa na hakika mara moja, mahali panapoitwa Mwagulanja, na nikamsimulia yote, mpaka bibi kizee wa kitandani. Wachimbaji waliacha kutafuna miwa.

Hamisi alitazama kamba kwa muda. Alisema siku tatu, zaidi ya hapo watakula mawe. Walikaa siku tatu wakicheza bao, wakinisema. Kila asubuhi nilipima kamba. Haikusogea tena hata unene wa ukucha. Siku ya nne wakashuka na magogo ya kuegemeza kuta, wakachimba hadi alasiri, na kilima hakikudondosha hata kokoto.

Nilipopita jioni walikuwa wamekaa juu ya rundo la udongo, wamejaa tope, wananisubiri. Waliniita Mama Ngojeni. Hamisi aliigiza nilivyokuwa nachuchumaa kuangalia kamba, akaigiza na uso wangu, mwingine akadondoka kwa kicheko, mwingine akauliza kama kesho napo wangoje, maana ameona sisimizi akikimbia. Nilisimama palepale na vigingi vyangu mkononi, nikiwanyooshea kidole mmoja mmoja. Walipoanza kutulia, niliwaomba waendelee kucheka kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimefika tisa kati ya kumi na mmoja walioshuka shimoni, na bado nilikuwa nahesabu.